Kufichika na Kufichwa: Anwani katika Picha za Trevor Paglen

Aghalabu husemwa kwamba picha hujieleza yenyewe. Picha za Trevor Paglen, msanii wa Marekani aliye pia na shahada ya uzamivu ya jiografia, zaikanusha kauli hiyo. Na kwa maoni yetu, mwanaisimu ana zaidi la kusema juu yake kuliko mhakiki wa rangi na mwanga.

Paglen hufunga kamera kwenye darubini za kutazamia nyota, kisha akazielekeza kwenye vituo vya kijeshi vilivyo katikati ya jangwa, ambako raia haruhusiwi kukaribia. Picha moja ya mwaka 2006 yahusu Dugway, Utah. Anwani yake yataja uwanja wa majaribio ya silaha za kemikali na za kibiolojia, umbali wa takriban maili 42 (kama kilomita 68) na wakati, saa 4:51 asubuhi. Picha yenyewe ni maumbo yaliyofifia. Atazamaye sayari ya Mshtarii ikiwa utosini huvuka sehemu kubwa ya hewa ndani ya kilomita 16 za kwanza. Atazamaye Dugway kutoka mbali hivyo huvuka hewa nzito ya karibu na ardhi masafa yote, nayo kwa joto huupinda mwanga.

Sarufi yetu yatusaidia hapa. Kitenzi 'ficha' hunyambulika kuwa 'fichika' na 'fichwa'. Twasema 'kituo kimefichwa na jeshi', lakini 'kimefichika na jeshi' haikubaliki, kwani kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi. Picha peke yake yaishia katika kutendeka: hewa, joto, masafa, basi. Ni anwani inayotuvusha hadi kutendwa, ikatulazimu kuuliza ni nani aliyeuweka uwanja huo mbali na macho. Kwa hiyo wanaozisifu picha hizi kwa kufanana na michoro ya rangi (na kweli zafanana) wanaitupa nusu ya kazi.

Yamkini mtu atasema anwani hiyo ingeweza kubandikwa chini ya ukungu wowote. Ni kweli. Ndiyo maana nambari zile si pambo. Zaligeuza dai kuwa jambo la kupimwa na kupingwa. Na mwanafunzi atakayezifasiri anwani hizo kwa Kiswahili asiliache neno 'takriban' kwa kutafuta ufupi, maana hata Paglen mwenyewe hakupewa ruhusa ya kwenda kuupima umbali huo kwa miguu.