Uchambuzi: Kadi za benki zinapobadilishwa, mkazi wa mpakani analipa nini?

Mteja anayeitwa na benki yake kuchukua kadi mpya badala ya ile aliyoizoea, kwa kawaida hupewa sababu moja: usalama. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini kwa mkazi wa Busia au Malaba, ambaye asubuhi hununua bidhaa kwa shilingi ya Kenya na jioni huziuza kwa shilingi ya Uganda, haitoshi.

Kadi za zamani huhifadhi taarifa za akaunti katika ukanda wa sumaku ulio mgongoni mwa kadi. Taarifa hizo hazibadiliki. Mwizi akizinakili mara moja tu, kwa kifaa kilichobandikwa kwenye mdomo wa mashine ya kutolea fedha, na akaichungulia nambari ya siri, anaweza kutengeneza kadi pacha. Chipu, kwa upande wake, hutoa msimbo mpya kwa kila muamala, na msimbo uliokwisha kutumika haumfai mtu tena. Benki za Kenya zilihamia kwenye chipu kwa wingi takriban mwaka 2014, na mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kwamba ifikapo 2033 hakuna kadi yake itakayokuwa na ukanda wa sumaku. Ipo pia sababu ambayo benki huitaja kwa sauti ya chini: kwa kanuni za mitandao ya kimataifa ya kadi, hasara ya kadi ya kughushi humwangukia yule aliyebaki na teknolojia dhaifu.

Mpakani, hata hivyo, jambo zito zaidi ni aina ya kadi yenyewe. Mtandao wa ndani kama Kenswitch wa Kenya ulijengwa ili kuunganisha mashine za benki za nchi moja. Kadi ya Visa au Mastercard huvuka mpaka, hivyo mwalimu wa Tororo anaweza kuchukua shilingi za Kenya upande wa pili wa Busia. Anachovuka nacho ni makato: ada ya benki yake, pengine na ya benki yenye mashine, kisha kiwango cha kubadilisha fedha ambacho hakuulizwa. Mbadilisha fedha anayesimama karibu na lango na vitita mkononi walau hukubali kujadiliana. Baadhi ya mashine humwuliza mteja iwapo anataka kutozwa kwa sarafu ya nyumbani kwao. Swali hilo huonekana kama hisani, ingawa mara nyingi kiwango kinachotolewa hapo ndicho kibaya zaidi, na ni nafuu kuchagua sarafu ya nchi ulipo.

Si ajabu basi kwamba wengi huiacha kadi na kutumia simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma ya MTN ikaanza Uganda mwaka 2009. Lakini huko nako ada ina uzito wake. Uganda ilipoanzisha kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya simu Julai 2018, miamala ilishuka, na serikali ikalazimika kuipunguza hadi asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 ili shehena ikaguliwe mara moja tu, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia. Fedha zake hazijapata wepesi huo. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, unaoziunganisha benki kuu, hupitisha malipo ya benki kwa benki. Muuza samaki anayechomeka kadi kwenye mashine ng'ambo ya barabara haufikii.

Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa mwaka 2011 kuhusu ulinzi wa wateja unazitaka taasisi za fedha kueleza ada zao waziwazi. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini fomu ya kadi mpya, mteja ana haki ya kuuliza: kuchukua fedha ng'ambo ya mpaka kutanigharimu shilingi ngapi, ada ya mwaka ni kiasi gani, na je, kadi hii inalipa kwa kugusishwa tu, bila nambari ya siri? Kama inalipa hivyo, aulize pia kikomo cha malipo hayo, na nambari ya kupiga usiku ikiwa kadi itapotea sokoni.