Mbasa Atazalia Wapi?

Kila mtu Njombe ana habari za Mchuchuma. Kinyozi anazo, bodaboda anazo, mama lishe wa stendi ya Makambako anazo. Tani milioni 428 za makaa ya mawe. Tani milioni 126 za chuma cha Liganga. Umeme megawati 600. Tumezikariri hizo namba mpaka watoto wanazijua.

Sasa nijibu swali moja, ndugu yangu: mbasa anazalia wapi?

Umenyamaza. Nilijua.

Mbasa unayemnunua sokoni, aliyepasuliwa na kukaushwa kwa moshi, anaishi Ziwa Nyasa lakini hazalii humo. Mvua zikianza anaingia mtoni, anapanda akipingana na mkondo, anatafuta mahali penye maji ya kasi na changarawe safi chini yake. Hapo ndipo anapotaga. Yai linajificha kati ya kokoto na kupumua kwa maji safi yanayopita juu yake. Likifunikwa na tope, limekufa. Samaki huyu hana njia nyingine ya kuendeleza ukoo wake.

Na mto wenyewe ni Ruhuhu, mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Nyasa. Unaanzia kwenye milima yetu hii hii, unateremka kati ya Ludewa na Ruvuma, unamwaga maji yake kati ya Manda na Lituhi. Makaa ya Mchuchuma yako bonde hilo hilo. Makaa ya Ngaka, ambayo malori yake yanapita Njombe na Makambako huku sisi tukila vumbi lake, yako bonde hilo hilo. Na juu ya mto huo huo limepangwa bwawa la Kikonge, megawati 300.

Mgodi juu, bwawa katikati, nyavu chini. Mbasa apite wapi?

Sisemi makaa yakae ardhini. Watu wa vijiji vya Nkomang'ombe, Mundindi na Amani walikaa zaidi ya miaka kumi baada ya mkataba wa 2011 wa Mchuchuma na Liganga wakisubiri fidia, hawawezi kujenga, hawawezi kupanda mazao ya kudumu, hadi mwaka 2023 ndipo fedha zikaonekana. Nani ana uso wa kuwaambia wasubiri tena? Ninachosema ni kwamba mthamini akija huhesabu nyumba, huhesabu miti ya matunda, huhesabu hata makaburi. Mazalia ya samaki hayana mwenyewe. Hayajazi fomu. Hayana mtu wa kuyapigia kelele.

Ona nyangumi. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wa nundu wanatoka kwenye barafu ya kusini mwa dunia na kuja kuzaa na kulea kwenye bahari yetu yenye joto. Pwani hiyo hiyo Tanga inapokea bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na Lindi inasubiri kiwanda cha gesi. Nyangumi ana watetezi dunia nzima, ana watalii wenye kamera, ana wanasheria. Hata hivyo wanaomtetea hawalali usingizi. Mbasa ana nani? Ana wewe. Na wewe umelala.

Unadhani natia chumvi? Twende jirani tu, Kihansi, hapo ukivuka Mufindi. Kulikuwa na chura mdogo wa manjano asiyepatikana popote duniani ila kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa umeshaanza. Mwaka 2000 maji yakawa yameelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakauka. Vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kupelekwa Marekani ili ukoo usipotee. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Ni kwa mabomba ya kunyunyiza maji, yaliyofungwa kuiga kile ambacho Mungu alikuwa akikifanya bure, ndipo mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa.

Swali la chura liliulizwa zege likiwa tayari linamwagwa. Kosa lilikuwa hilo. Na chura yule hatukumla. Mbasa tunamla, tunamuuza, tunasomeshea watoto.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, mto Linthipe ulisifika kwa samaki huyu huyu, wao wakimwita mpasa. Kingo zikalimwa, tope likateremka, nyavu zikaziba mlango wa mto. Samaki akaadimika. Kwenye mto Bua, unaopita ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, bado anapanda kuzaa. Nchi ni moja na samaki ni mmoja. Tofauti ni kwamba pale mtu alichora mstari akasema: hapa hapaguswi.

Na mgodi wa makaa ukiachwa bila kusimamiwa unafanya nini? Februari 2022, karibu na Emalahleni, Afrika Kusini, maji yenye tindikali yalifumuka kutoka mgodi wa zamani wa makaa yakaingia mto Wilge. Samaki wakaelea wamekufa. Ulikuwa mgodi uliokwisha kufungwa! Ndiyo maana kesi ya makaa haiishi siku ya kufunga geti.

Mkulima wa viazi wa Njombe, njaa imbane vipi, hali mbegu. Anaijua maana ya kula mbegu. Basi mazalia ya Ruhuhu ndiyo mbegu ya ziwa.

Usimnyooshee kidole mwekezaji peke yake. Nani anatega nyavu mlangoni mwa mto mvua zikianza, akimvua samaki mwenye mayai? Ni sisi. Nani analima mpaka ukingoni, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60? Ni sisi. Wewe mwenye parachichi huku juu, dawa unayopulizia inateremka na nani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Na ile mikutano ya kushirikisha wananchi! Nimekaa humo. Mtaalamu anashuka kwenye gari, anafungua kitabu kinene, anasoma kurasa mbili, anauliza kama kuna swali. Mmoja anaulizia ajira za vijana. Wa pili anaulizia posho. Daftari la mahudhurio linazunguka, kalamu moja kwa watu themanini, tunasaini, soda zinagawiwa, tunatawanyika. Sahihi zile ndizo zitakazopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuthibitisha kwamba tuliulizwa tukakubali. Tulikubali nini? Tuliuliza maji ya kuoshea makaa yatakwenda wapi? Tuliuliza samaki atavukaje ukuta wa Kikonge?

Malawi walitenga hifadhi ya taifa kwenye ziwa hili mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Sisi tumetenga Kitulo kwa ajili ya maua, na tulifanya vyema. Ziwani hatuna hifadhi ya taifa hata moja. Hata moja!

Kwa hiyo tudai, na tudai sasa. Mazalia ya mbasa yapimwe, yachorwe kwenye ramani, yatangazwe kwa sheria kabla koleo la kwanza halijazama. Bwawa lisilo na njia ya samaki lisijengwe. Maji ya mto yapimwe kila mwezi, majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, siyo kufungiwa kabatini. Na nyavu zote zipigwe marufuku mlangoni mwa mto msimu wa kuzaa, za mjomba wako zikiwemo.

Mkutano ujao ukiitwa, Ludewa au Manda, nenda. Kaa mbele. Na usisaini lile daftari mpaka ramani ya mazalia iwe imebandikwa ukutani.