Boksi la Sabufa Halihitaji Mninga

Mwanga nasikia, Ujiji nasikia: sabufa ya maana hujengewa boksi la mninga. Anayesema hivyo huugongagonga ubao kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa kiburi cha fundi, hadi nilipomharibia mtu kazi.

Alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, akitaka muziki wa kukodisha harusini. Nilitafuta mbao za mninga, nikaziunga kwa gundi ya kopo, ile ya viatu, kwa sababu inashika papo hapo. Boksi liling'aa kama kabati la bi harusi. Mvua zilipokata na ukavu ukaingia, maungio yakaachia. Besi ikageuka mkoromo.

"Kaka, hili boksi linapumua," aliniambia. Hakukosea.

Tusiusingizie mti. Mninga uliokauka sawasawa hutulia kuliko miti mingi, ndiyo maana tunautengenezea milango. Lakini ubao uliouzwa ungali na maji hupungua upana unapokauka, na kuta za boksi ni huo upana. Kazi ya boksi ni kuzuia hewa ya nyuma ya koni isikutane na ya mbele, maana zikikutana besi hufutana. Kwa hiyo ukuta unaotetemeka au kuvuja unakula umeme wako bure.

Wenzangu hujibu: mbona wazee wa Ujiji huunda mitumbwi kwa mbao tupu? Hapo ndipo hoja yao inapokufa. Mtumbwi hukaa ziwani. Ubao hunywa maji, huvimba, huubana mshono uliotiwa kalafati. Ziwa lenyewe humalizia kazi ya fundi. Boksi lako liko sebuleni. Nani atalivimbisha?

Chukua plaiwudi ya milimita 18. Nyuzi za tabaka zake zimepishana, kila moja inaizuia nyenzake isisogee. MDF nayo ni nzito na tulivu, na kwa boksi lisilotoka ndani sina ugomvi nayo. Ila ikilowa kingo huvimba kama andazi kwenye chai, na sabufa ya harusi hubebwa mvuani.

Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Paka, kaza kwa skrubu, ondoka mpaka kesho. Gundi ya kopo hubaki na ulaini wa mpira. Ibandikie zulia la nje, usiipe maungio kuyabeba. Kisha washa muziki, pitisha moshi wa udi kwenye maungio. Ukipeperuka, kuna tundu.

Mninga huchukua miongo mingi kufikia kukatwa. Kuuangusha ili tuufunike kwa zulia jeusi si ufundi, ni majivuno.

Mchuuzi yule nilimjengea boksi jingine kwa fedha yangu. Hadi leo hajauliza ni la mti gani.