Ndege Mbaya

Nenda dukani kwa Mangi saa mbili usiku, kifungo cha shati kimekatika na kesho asubuhi una usaili wa kazi, umwombe sindano. "Sindano hamna, dada." Rudi saa moja asubuhi: sindano zipo, kwenye kikaratasi kile kile, zimening'inia pale pale juu ya viberiti. Humgombezi. Unajua, naye anajua kuwa unajua, kwamba sindano haiuzwi usiku. Ukimuuliza kwa nini, atacheka, kisha atamgeukia mteja anayetaka unga nusu kilo.

Toleo hili limezaliwa na kicheko hicho. Tulipokaa kulipanga, kila mmoja wetu alianza kwa kusema yeye haamini mambo haya, kisha akatoa ya kwao. Usifagie usiku, utafukuza riziki. Usikate kucha usiku. Usipige mluzi gizani. Jua likishazama nyoka hatajwi kwa jina lake, anaitwa kamba. Ukijikwaa mguu wa kushoto wakati unatoka, rudi ndani ukae kitako kwanza. Kiganja kikiwasha, fedha inakuja. Hapo tukabishana ni cha kulia au cha kushoto, mpaka mhasibu wetu aliposema vyake vinawasha vyote viwili tangu mwezi wa kwanza na hajaona kitu.

Bibi yangu alikuwa na majibu ya mambo haya, na ni majibu mazuri. Kibatari humulika hatua mbili tatu tu. Sindano ikidondoka mkekani usiku, utakaoipata ni unyayo wa mtoto. Ukifagia gizani, hereni na sarafu zinakwenda jalalani pamoja na takataka. Kucha na wembe usiku, damu. Kwa hiyo, alisema, wazee walificha onyo ndani ya hofu, maana mtoto ukimweleza habari ya kibatari atabisha, ukimtajia mkosi atanyamaza.

Maelezo haya yananipendeza, na yanapendwa na kila anayetaka kututetea mbele ya wageni. Tatizo ni kwamba yanaeleza mwiko ulivyoanza, hayaelezi kwa nini haufi. Duka la Mangi lina taa nyeupe inayomulika mpaka ng'ambo ya barabara. Sindano ikidondoka pale utaiokota umefumba jicho moja. Bado haiuzi. Na zipo imani ambazo hata bibi, kwa ufundi wake wote, hakuweza kuzipatia kibatari chake: kiganja kinachowasha kinamlinda nani, na nini?

Jibu linaloniridhisha zaidi limetoka mbali, kwa wavuvi wa visiwa vya Trobriand, mashariki ya Papua New Guinea. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski aliishi nao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona jambo ambalo mvuvi wa Mafia angemwambia bila kumtoza. Watu hao walipovua kwenye maji yaliyotulia ndani ya miamba, kwa sumu ya mizizi, samaki walipatikana kila siku bila hatari, na uganga haukuwapo. Walipotoka kwenda bahari kuu, ambako chombo kinaweza kurudi kimejaa, kitupu, au kisirudi kabisa, walijaa makago na mazinguo. Akili zao zilikuwa zile zile, na elimu yao ile ile. Kilichobadilika ni kina cha maji.

Sisi tuna ushahidi wetu, tena umepigiliwa misumari. Majahazi ya Lamu yalibandikwa macho ya mbao kwenye omo, yamechongwa na kupakwa rangi, chombo kione kinakokwenda na husuda ipate wa kutazamana naye. Sijapata kuona jicho kama hilo kwenye fimbo ya mwanamke anayechokoa pweza maji yakipwa. La nini? Pango la pweza analijua kama anavyoujua mlango wa jirani.

Ukishaliona hili huachi kuliona. Fundi cherehani hana kago la kupiga pindo la suruali. Analo, pengine, la kupata wateja. Mwanafunzi ana kalamu ya bahati ya mtihani wa taifa, hana ya zoezi la Jumatatu. Mpira wa miguu, ambao dakika zake tisini zinaweza kuamuliwa na mpira uliogonga mwamba wa goli, ni shamba lenye rutuba kuliko yote. Mwaka 2002 huko Mali, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Thomas Nkono, kipa mashuhuri wa Cameroon aliyekuwa kwenye benchi la ufundi, alikamatwa na polisi uwanjani akituhumiwa kutupa hirizi. Cameroon wakashinda mabao 3–0. Nadhani hakuna matokeo yaliyowahi kuharibu hoja ya mwalimu wa sayansi kama hayo.

Na ubongo wenyewe haupendi kukaa bure. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafungia njiwa wenye njaa kwenye visanduku, chakula kikawa kinakuja chenyewe kila baada ya muda maalumu, njiwa afanye lolote au asifanye. Taarifa yake ya mwaka 1948 inasema njiwa sita kati ya wanane walijizulia ibada: mmoja akawa anazunguka kinyume cha saa, mwingine anachomeka kichwa kwenye kona ya juu. Kila mmoja alikuwa akirudia alichokuwa anafanya chakula kilipomkuta. Wanasayansi waliofuata walimpinga Skinner kuhusu maana ya vitendo vile, na ubishi huo ni halali. Lakini mimi kila nikimwona konda anayebusu noti ya kwanza ya asubuhi na kuipitisha kwenye paji la uso, nawakumbuka wale njiwa, kisha najikumbuka mwenyewe ninavyogonga meza kabla ya kupiga simu kwa mtangazaji tunayemdai.

Hata hivyo njiwa hana msiba, na msibani ndipo imani hizi zinapoacha kuchekesha. Kijana wa bodaboda kafariki. Kila aliyekaa kwenye mkeka anajua breki zilikatika, lami ilikuwa na maji, lori lilikuwa halina taa. Hakuna anayebisha. Kisha mzee mmoja anatikisa kichwa: "Hii si bure. Kuna mkono wa mtu." Msomi akisikia anaona ujinga. Mwanaanthropolojia mwingine, E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande wa kusini mwa Sudani ya wakati huo, alionyesha kuwa si ujinga. Ghala la nafaka likianguka na kuwaumiza watu waliojipumzisha chini yake, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Mchwa anawaona kwa macho yake. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Mchwa hawana jibu la swali hilo. Daktari hana, trafiki hana. Sayansi inalo moja, bahati mbaya, na sijaona mfiwa aliyepanguswa chozi nalo.

Ndiyo maana siamini kwamba shule itayamaliza haya. Shule inafundisha mchwa.

Nije kwa bundi, aliyelipa toleo hili jina. Kiswahili kina siri ndogo hapa: neno ndege lina maana ya kiumbe mwenye mbawa, na pia lina maana ya dalili. Mtu anatoka nyumbani na ndege njema au ndege mbaya. Waarabu nao wametoa neno lao la kisirani, tiyara, kwenye jina la ndege, na Warumi walitazama ndege kabla ya vita na uchaguzi. Mataifa matatu yalitazama juu, yakaona kitu kinachopita bila ruhusa, yakadhani kimebeba barua. Bundi ndiye mbebaji mbaya kuliko wote. Anaruka bila sauti, kwa kuwa ukingo wa manyoya yake una nyuzi laini zinazovunja mvumo wa hewa. Ana uso bapa kama wa mtu. Analia usiku, karibu na paa, na kesho yake kuna khanga nyeusi mtaani.

Babu yangu alipougua, bundi alikuja kwenye mwembe wetu usiku wa tatu. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwona. Babu alifariki Ijumaa. Kwa miaka mingi hiyo ilinitosha. Nilishakuwa mtu mzima nilipojiuliza nyumba ya mgonjwa inakuwaje usiku: taa haizimwi, wadudu wanaifuata, wageni wamejaa, sufuria za pilau zimelala uani, panya wanazifuata. Bundi anafuata panya. Na usiku mwingine wote ambao bundi alilia kwenye mwembe ule na hakufa mtu, nani aliuweka akilini? Hata mama, ambaye kumbukumbu yake ya madeni haina mfano, hakumbuki hata mmoja.

Waislamu miongoni mwetu wana sababu nyingine ya kutomrushia bundi jiwe. Hadithi mashuhuri, iliyomo kwenye Bukhari, inamkanusha waziwazi ndege wa kisirani, na katika orodha hiyo hiyo inaukanusha mkosi wa mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano wetu. Imesomwa kwenye misikiti ya mwambao huu kwa karne nyingi. Bundi bado anarushiwa mawe, na mkulima wa Morogoro aliyempiga bundi jana, leo anaufukua upya mstari wa mahindi kwa sababu panya wamekula mbegu.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama na wasomaji wetu, maana najua barua zitakuja za aina mbili: wanaotaka tuyafute yote kama giza, na wanaotaka tuyatetee yote kama urithi. Mimi nauliza jambo moja tu: gharama anabeba nani? Aliyejikwaa akarudi kukaa kitako dakika mbili, gharama ni yake, na pengine akikaa atakumbuka ufunguo aliousahau. Noti ya konda haimdhuru abiria. Macho ya jahazi hayajamzamisha mtu. Mangi kapoteza faida ya sindano moja, nawe umekwenda kwenye usaili na pini. Haya sina ugomvi nayo.

Lakini mjamzito anayekatazwa mayai, kwa madai kwamba mtoto atazaliwa hana nywele, analipa kwa damu yake na kwa uzito wa mtoto. Na mara nyingi aliyemkataza ndiye anayebaki na mayai. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa miaka hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha: waliharibika macho kwa kuwalisha hao hao wanaowaua. Huko Kilifi dalili ni mvi. Wazee wanapaka nywele rangi nyeusi waishi, na ukichunguza, mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo vijana wamechoka kulisubiri. Mkono wa mtu upo kweli hapo, ila si ule uliotajwa na mganga.

Na wenye ualbino. Viungo vyao vilipogeuzwa bidhaa, waliotajwa mara kwa mara kuwa wateja ni wachimbaji wadogo wa dhahabu na wavuvi wa Ziwa Victoria: watu wa bahati nasibu, watu wa kina kirefu, hasa wale ambao Malinowski angetutajia. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Sheria za uchawi tunazo tangu ukoloni, Kenya 1925, Tanganyika 1928. Mchimba dhahabu anaingia shimoni leo kama alivyoingia jana, hajui kama kuna mshipa au kifusi, na mganga yuko njiani akimsubiri na jibu. Ningependa kuona wizara moja inayotambua kwamba ramani ya miamba na bima ya wavuvi ni silaha dhidi ya ramli.

Nina deni la kukiri jambo. Ratiba ilitaka kurasa hizi ziende kiwandani Jumatano, nayo ikaangukia kuwa Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano. Mpangaji wetu wa kurasa, kijana wa chuo kikuu anayeijua hadithi niliyoitaja kuliko mimi, aliomba kwa upole tusubiri Alhamisi. Alisema haamini, ila mashine ya uchapaji ni mashine. Nilimtazama, nikaitazama ankara ya karatasi, tukasubiri. Kama nakala yako imechelewa siku moja, aliyebeba gharama ni wewe.