Vazi la kuogelea lisimuumize: anachohitaji kujua mzazi wa binti transijenda

Likizo ya Desemba ikikaribia, mazungumzo katika familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huwa ni tiketi za SGR, bei ya chumba Diani na nani atabaki kulinda nyumba. Katika nyumba chache kuna suala jingine ambalo halitajwi mezani. Mtoto mkubwa, wa chuo kikuu au aliyekwisha kuanza kazi, aliyezaliwa na kusajiliwa mvulana lakini sasa anaishi kama mwanamke, anasema yeye baharini haendi. Au anakubali kwenda, kisha mama akisafisha bafu anakuta kwenye pipa vipande vya tepu ya kufungia katoni, vimeganda nywele na damu kavu.

Hapo ndipo mzazi anapofaa kuyaweka kando kwa muda maswali makubwa na kuanza na ngozi.

Watu wanaoishi hivyo huitwa wanawake transijenda. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiondoa hali hiyo kwenye sura ya magonjwa ya akili katika mwongozo wake wa ICD-11, ulioidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Na Kenya si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani, KNEC, limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mzazi anaweza kuwa bado hajakubaliana na hayo yote. Ngozi iliyochubuka, hata hivyo, haingoji ukoo mzima ukubaliane.

Kwa nini tepu? Wengi wao hutaka sehemu ya mbele ionekane bapa chini ya nguo, kwa hiyo huusukuma uume nyuma katikati ya miguu na kuubana hapo. Wengine pia huzipandisha korodani taratibu kwenye mifereji ya kinena, njia ileile zilizoshukia kabla ya kuzaliwa. Chini ya sketi au dera hakuna anayeona kitu, na chupi ya kawaida inayokaa vizuri hutosha. Vazi la kuogelea ndilo linaloleta hofu, kwa sababu linashika mwili na likilowa linashika zaidi. Hofu ya kutazamwa, na katika nchi hii hofu ya kudhalilishwa au hata kupigwa, ndiyo inayomfanya mtu avumilie maumivu ambayo kwa kawaida asingeyavumilia.

Tepu ya katoni, selotepu na ile ya mafundi wa mabomba hazikutengenezwa kwa ngozi. Gundi yake hung'oa tabaka la juu la ngozi pamoja na nywele, na ngozi ya sehemu hiyo ni nyembamba kuliko ya mkono. Kidonda kidogo kikikutana na jasho, chumvi na mchanga hugeuka usaha. Anayesisitiza kutumia tepu atafute ile ya kitabibu inayouzwa duka la dawa, anyoe kwanza, asiibandike juu ya kidonda, na akiitoa ailoweshe kwa maji ya vuguvugu na mafuta, asiivute kwa ghafla. Lakini kwa kuogelea, vazi lililoshonwa vizuri huifanya tepu isihitajike kabisa.

Kuna tabia nyingine ambayo wazazi hawaioni kwa sababu haiachi alama. Aliyejibana kwa tepu hawezi kwenda chooni bila kuanza upya, basi hanywi maji toka asubuhi. Akibanwa na mkojo anauzuia. Juani, pwani, hiyo ni njia fupi ya kupata kizunguzungu, na mkojo unaozuiwa mara kwa mara huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo wengi huyaita UTI. Wanaotumia spironolaktoni, dawa ambayo baadhi ya madaktari huitoa pamoja na estrojeni, wana shida zaidi kwa sababu dawa hiyo yenyewe huongeza mkojo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu vazi lolote si linavyoonekana kwenye kioo. Ni hili: linashuka na kupanda haraka chooni?

Sasa jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto mwenye korodani, transijenda au la, anapaswa kulijua kwa moyo. Korodani inaweza kujinyonga, yaani kujizungusha kwenye mshipa wake hadi damu isifike. Huwapata zaidi vijana walio katika miaka ya balehe, ingawa mtu mzima pia anaweza kupatwa, na mara nyingi hutokea bila sababu inayoonekana. Dalili ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja, uvimbe, kichefuchefu au kutapika, na wakati mwingine maumivu hupanda hadi tumboni. Zikitokea, anayejibana afungue kila kitu papo hapo na apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji. Akipasuliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi korodani huokolewa. Baada ya hapo nafasi hupungua kwa kasi.

Kinachoua korodani nyingi ni kuchelewa: kununua panadoli, kulala ili ipoe, kungoja baba arudi. Mtu anayeona aibu kuvua nguo mbele ya daktari atachelewa zaidi, na hapo ndipo mzazi aliyekwisha kuzungumza naye huwa na faida. Daktari aambiwe wazi, "Alikuwa amejibana tangu saa mbili asubuhi." Ni taarifa ya kitabibu kama nyingine.

Maumivu madogo nayo yana maana. Ganzi, kuwashwa kusikokwisha, ngozi kubadilika rangi, au kuona ugumu kukojoa baada ya kuvua ni ishara za kupumzisha mwili siku kadhaa, na zikiendelea aonwe na daktari. Mwenye ngiri, au aliyewahi kupasuliwa ngiri, aulize daktari kabla ya kuzipandisha korodani. Na kama anafikiria kupata watoto wake siku moja, ajue kwamba korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la chini kidogo kuliko la mwili, ndiyo maana zinaning'inia nje. Kuzibana ndani siku nzima kila siku kunaweza kudhoofisha mbegu. Homoni nazo huzipunguza. Mazungumzo hayo na daktari ni bora yafanyike kabla ya kuanza dawa.

Turudi dukani. Kosa la kawaida ni kununua saizi ndogo kwa matumaini kwamba itabana zaidi. Saizi ndogo hukata kinena, husukuma kila kitu pembeni na kumfanya aliyeivaa aivute kila dakika, jambo linalovuta macho kuliko kitu chochote. Apime kiuno na nyonga mahali palipo pana zaidi. Kwa vazi la kipande kimoja apime pia kuanzia begani, kushuka mbele, kupita katikati ya miguu na kupanda nyuma hadi begani palepale. Wanawake transijenda wengi wana kiwiliwili kirefu, na vazi fupi huvuta juu na kukata kinena siku nzima. Aliye mrefu atastarehe zaidi na vipande viwili.

Kitambaa kizuri ni naironi iliyochanganywa na spandeksi, chenye bitana mbele. Kinachoshikilia ni ile bitana, iwe ya tabaka mbili na isiyovutika sana. Kile kipande cha katikati ya miguu nacho kiwe kipana. Kikiwa chembamba kama kamba hakishikilii na kinachubua. Mpira wa miguuni ukae bapa bila kuingia nyamani. Zipo kampuni za ng'ambo zinazoshona mavazi haya maalumu na kuyauza mtandaoni, ila ushuru na posta vinaweza kuzidi bei ya nguo yenyewe. Fundi cherehani mwenye mashine ya kushona vitambaa vya kuvutika anaweza kuongeza bitana ya pili kwenye chupi ya kuogelea ya kawaida kwa bei ndogo. Mama anaweza kuipeleka yeye. Fundi hahitaji maelezo zaidi ya "niongezee bitana hapa mbele, na hapa chini upanue."

Mitumba ya Gikomba au Kongowea ina mavazi mazuri ya kuogelea, lakini ivutwe kwanza. Ikibaki imelegea, au ikionyesha vijiuzi vyeupe ikivutwa kwenye mwanga, spandeksi imekwisha kufa na itaning'inia ikilowa.

Umbo la vazi linaweza kufanya kazi kubwa kuliko kubana. Sketi fupi ya kuogelea yenye chupi ndani, kaptura ya kuogelea ya kike, marinda kiunoni, rangi nyeusi au maua makubwa mbele: vyote hivyo hupunguza haja ya kujikaza. Pwani yetu ina bahati zaidi. Bukini huuzwa Mombasa na wengi hawamshangai aliyeivaa, na leso iliyofungwa kiunoni humtoa mtu chumba cha kubadilishia hadi majini bila jicho kumfuata. Kwenye mabwawa ya hoteli ni vyema kuuliza mapema, maana baadhi hukataa nguo ndefu.

Vazi lijaribiwe nyumbani kwa saa moja kabla ya safari. Achuchumae, akae, apande ngazi, akohoe, kisha alilowe chini ya bomba la bafu na arudie. Vidole viwili vipite chini ya mpira wa kiunoni. Alama nyekundu zinazofutika upesi si tatizo. Ganzi ni tatizo.

Nguo za kutengeneza umbo zina kanuni zake. Koseti na mikanda ya kupunguza kiuno isiingie majini hata kidogo, kwa sababu anayeogelea anahitaji kifua kipanuke. Nchi kavu nazo huleta kiungulia zikikazwa baada ya chakula, na zikibana kinena huweza kuleta ganzi au moto upande wa nje wa paja, kwa kuwa kuna neva inayopita hapo. Sponji za nyonga na matiti hunywa maji na kuwa mzigo. Za silikoni hazinywi maji, lakini ziingie kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya vazi, la sivyo wimbi moja litaziondoa.

Majini, saa moja au mbili kisha mapumziko. Akitoka aoge kwa maji baridi, ajikaushe vizuri kinenani na avae pamba iliyolegea. Kukaa na nguo mbichi hadi chakula cha jioni ndiko kunakoleta fangasi. Usiku asilale amejibana.

Jinsi ya kuanza mazungumzo? Si kwa kulitikisa pipa la bafuni mbele ya wadogo zake. Mzazi anaweza kusema wakiwa wawili tu, "Mwanangu, hiyo tepu inakuchubua. Twende tutafute kitu kisichokuumiza." Akijibu, "Mama, acha," aachwe kwa siku ile. Bitana ya mita nusu iliyoachwa juu ya kitanda chake hujieleza.

Vazi lenyewe lifuliwe kwa mkono kila baada ya bwawa, maana klorini hula spandeksi. Sabuni kidogo, maji baridi, lisikamuliwe kwa kusokotwa, lianikwe kivulini. Likianza kulegea kiunoni, linunuliwe jingine kabla ya safari ijayo.