Maji ni Haki, si Ahadi ya Uchaguzi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nidhihirishe dhiki iliyotusibu raia wa Mombasa, mji ambao, ijapokuwa umezungukwa na bahari, hutegemea maji matamu ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, mbali nje ya mipaka yake.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, imetamka bayana kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi ya kutosha, na jedwali lake la nne likazikabidhi kaunti huduma hiyo. Walakini kila mifereji ikaukapo, wakuu wa kaunti hapa huwatupia lawama wa serikali kuu ya Nairobi, na wa Nairobi huwarudishia wa hapa, hali akina mama wa mitaani wanunua mtungi wa mkokoteni kwa bei inayowalemea.

Siasa za namna hiyo ni khiyana ya amana. Nawasihi wakuu wetu watangaze hadharani ratiba ya mgao na matumizi ya fedha za ankara zetu, ili siku ya kura tuwahukumu kwa insafu; nasi raia tuhudhurie mabaraza ya bajeti, maana anyamazaye huhesabiwa ameridhia.

Wasalaam,
Raia wa Kisauni, Mombasa