Karata Nzuri, Kiti Kibaya: Acheni Kugawa Karata ya Bure

Leo hatuandiki kuhusu mgao wala usajili. Leo tunaandika kuhusu karata, na tumekuja na ugomvi.

Ugomvi wetu ni na maneno haya: "Nilikuwa nazo, nikajificha." Kila wiki kuna mtu anayasema, vizibo vyake vimeisha, macho yamemtoka. Alikuwa na karata nzuri kuliko wote. Alikuwa wa kwanza kusema. Mezani palikuwa na kopa mbili na namba zinazokaribiana. Yeye akafanya nini? Akapitisha. Eti anatega. Kumbe anagawa.

Sisi tunasema hivi: ukiwa na karata nzuri, umekaa kiti kibaya, na mezani pana njia nyingi za wenzako kukupita, kukaa kimya si ujanja. Ni kumpa mwenzako bure kitu alichopaswa kukilipia.

Kwanza tuelewane

Hapa tunaongea pia na kaka na dada zetu wa mashirika, ambao wakipita na kuona karata wanauliza kama ni kamari. Tunacheza poka, aina ya Texas Hold'em. Hatuchezi na pesa. Hatuchezi hata na maharage, maana maharage yanaliwa, na anayeyachezea hajawahi kupunguziwa mgao. Tunacheza na vizibo vya soda, na mchezo ukiisha vyote vinarudi kwenye kopo. Anayetaka kucheza kwa pesa hapati nafasi kwetu, na tunamwomba asiitafute kwingine.

Mchezo uko hivi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunguliwa tatu mezani, ni za wote. Halafu ya nne. Halafu ya tano. Mwisho unachagua tano bora kati ya hizo saba. Kila zinapofunguliwa mnasema kwa zamu: unapitisha, unaweka vizibo, unafuata alichoweka mwenzako, unapandisha, au unatupa karata zako. Anayesema mwisho ana kiti kizuri, kwa sababu ameshawasikia wote. Anayesema kwanza ana kiti kibaya: anaongea gizani, na atabaki hivyo hadi mkono uishe.

Tatu za namba moja zina nguvu. Streti, yaani tano zinazofuatana, inazishinda. Flashi, yaani tano za alama moja, inaishinda streti. Fulu hausi, tatu za namba moja pamoja na mbili za namba nyingine, inashinda zote hizo. Yatosha kwa leo.

Hebu tuhesabu

Mnacheza watatu. Kapu lina vizibo 30. Wewe una sita mbili, ya shupaza na ya uru. Mezani: jeki ya kopa, kumi ya kopa, sita ya pau. Una sita tatu. Mambo safi! Ila wewe ndiye wa kwanza kusema.

Sasa tufunue za wenzako. Mmoja ana ree ya kopa na nne ya kopa: anasubiri kopa moja tu apate flashi. Mwingine ana malkia na tisa, zote za uru: anasubiri mfalme au nane apate streti. Hivi sasa unawashinda wote wawili. Je, ni karata ngapi zinazoweza kuwavusha mara moja?

Kopa zilizobaki ni 9, lakini moja wapo ni sita ya kopa, inayokupa wewe sita nne. Basi zinabaki 8 mbaya. Wafalme 4 na nane 4 ni 8, lakini mfalme wa kopa na nane ya kopa tumeshazihesabu, kwa hiyo zinaongezeka 6. Jumla ni 14. Karata ambazo hatujaziona ni 43. Kumi na nne kati ya arobaini na tatu ni karibu theluthi moja, na hiyo ni kwa karata moja tu inayofuata. Bado ya tano.

Ukipitisha, na wao wakapitisha, umewaambia: "Jamani, karibuni, jaribuni bahati, hakuna kiingilio." Theluthi moja ya safari, mmoja wao anakupita kwa bei ya sifuri. Na kwa kuwa unasema kwanza, karata hiyo ikifunguka hutajua imemfaa nani. Utakaa pale unaangalia kopa ya tatu kama mtu anayeangalia mvua inavyoingia kwenye hema.

Sasa weka vizibo 20. Anayesubiri flashi anatakiwa atoe 20 ili apiganie kapu litakalokuwa na 70 akifuata peke yake. Ili kufuata kuwe na faida papo hapo, anahitaji kupata kopa yake zaidi ya mara 28 katika mia. Yeye, kwa anachokiona, ana karata 9 kati ya 47, yaani kama mara 19 katika mia. Analipa ghali. Akitupa, sawa. Akifuata, sawa zaidi. Akibahatika akashinda, ndivyo mchezo ulivyo, lakini kiingilio kakilipa.

Hapo ndipo wengi mnakosea. Mnadhani lengo la kuweka ni kuwafukuza. Hapana. Lengo ni kuwalipisha.

Majibu yenu tunayajua

Jibu la kwanza: "Nikiweka, wote wanatupa, nabaki na kapu dogo." Kwenye meza kavu una hoja. Mezani pakiwa na mfalme, saba na mbili, alama zote tofauti, nawe una saba tatu, hakuna anayekukimbiza. Jifiche hapo, hatuna neno. Lakini kwenye jeki, kumi na sita, zenye kopa mbili? Nani anatupa hapo? Mwenye flashi nusu hatupi, mwenye streti nusu hatupi, mwenye jeki hatupi. Wanataka kufuata! Tena kumbukeni: anayesubiri kopa asipoipata hadi karata ya tano, hakupi hata kizibo kimoja. Anatupa na kuondoka. Wakati pekee wa kumlipisha ni sasa, akiwa bado na matumaini. Ukichelewa, aliyekosa halipi na aliyepata anakulipisha wewe.

Jibu la pili: "Johnny Chan alijificha akawa bingwa." Mmeiona filamu ya Rounders ya 1998, tunajua. Ni kweli. Mwaka 1988 huko Las Vegas, kwenye fainali ya World Series of Poker, Chan alipata streti kwenye karata tatu za kwanza: alikuwa na jeki na tisa, mezani malkia, kumi na nane. Karata ya tano ilipofunguliwa alipitisha, Erik Seidel akaweka zote akiwa na malkia wawili, na mchezo ukaisha. Lakini angalieni vizuri. Alikuwa na mpinzani mmoja, si wawili. Streti yake ndiyo iliyokuwa mkono wa juu kabisa pale mezani. Na Seidel, kwa jozi yake ya malkia, karibu hakuwa na njia ya kumpita. Chan alijificha mahali pasipo na wa kumkimbiza. Wewe unajificha katikati ya barabara.

David Sklansky, kwenye kitabu chake The Theory of Poker, ameweka masharti ya kujificha. Kwa ufupi: karata zako ziwe na nguvu sana, karata ya bure iweze kumpa mwenzako mkono mzuri ambao bado unaushinda, si mkono wa kukupita, na kapu lisiwe limeshakuwa kubwa. Pimeni sita tatu zetu kwa masharti hayo. Sharti la kati limevunjika vipande.

Jibu la tatu ndilo tunaloliheshimu: "Nitapitisha, mmoja akiweka nitapandisha." Hiyo ni silaha halali ya mwenye kiti kibaya, na inaumiza. Lakini inahitaji mtu nyuma yako ambaye una hakika ataweka. Kama unamjua mwenzako kuwa hawezi kuona watu wamepitisha akanyamaza, mtege. Kama hujui, usiweke kapu lako mikononi mwa tabia ya mtu mwingine.

Na ninyi wa upande wa pili msicheke

Kuna wenzetu wanaoweka vizuri karata tatu za kwanza, kisha wanafumba macho. Kopa ya tatu inaanguka, mwenzao anaamka ghafla na kuweka vizibo vingi, nao wanafuata tu kwa sababu "nilikuwa nazo." Ulikuwa nazo. Sasa hesabu upya. Sita zako tatu bado zina karata 10 za kukupa fulu hausi au sita nne, kati ya 46 usizoziona. Ni kama mara 22 katika mia. Akikuuzia kwa bei ndogo, fuata. Akiweka sawa na kapu zima, ili kufuata kukulipe unahitaji mara 33, basi uwe na sababu ya kuamini kwamba anadanganya, au utupe. Kutupa karata nzuri si aibu. Karata nzuri si ndoa.

Tena, msilichukue somo hili mkalitumia kwa kila jozi. Jeki moja yenye karata dhaifu pembeni yake, kutoka kiti kibaya mbele ya watu watatu, si karata ya kujazia kapu. Tunasema juu ya karata zenye nguvu kweli.

Kwa nini tunapiga kelele hivi kwa ajili ya vizibo

Kwa sababu tabia hii hatukuizalia mezani. Tumelelewa nayo. Wengine wetu wazazi wao walivuka Ziwa Tanganyika 1996, wengine tulikuja kutoka Burundi 2015, na neno la kwanza tulilojifunza kwenye foleni ni "subirini." Subira yavuta heri, tunaambiwa. Wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini methali hiyo haijawahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kijana amemaliza kidato, ana cheti kizuri, kipo kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Anasubiri aitwe. Ufadhili mwingi una kikomo cha umri, na kila mwaka unaopita ni karata inayofunguliwa bila yeye kusema neno. Huyo ana karata nzuri, kakaa kiti kibaya, na anapitisha. Tunamwambia: weka. Andika maombi hata kama hujui wengine wana nini. Onyesha kazi ya mikono yako kabla hujaombwa. Omba jibu la maandishi lenye tarehe.

Tunajua maisha si poka. Mezani ukishindwa unagawiwa karata mpya. Hapa wengine tumepewa mara moja tu. Tena hatukuchagua kiti. Hatusemi mtu aweke vyote alivyo navyo, asije akasema vijana wa kwenye karata ndio waliomponza. Tunasema kusubiri nako kuna bei, na mara nyingi anayeilipa ni aliyesubiri.

Nanyi kaka na dada wa mashirika, mnaokaa kiti cha mwisho na kusikia wote kabla ya kusema: mkituambia tusubiri, tuambieni na hadi lini. Mtu akijua tarehe anaweza kuhesabu. Bila tarehe, "subirini" ni karata ya bure tunayoitoa sisi.

Jumamosi tupo kama kawaida, baada ya saa kumi, vizibo vipo kwenye kopo. Wenzetu wa Nakivale na Kakuma mnaotusoma, mwenye hoja ya kujificha kwenye meza yenye kopa mbili aandike hapa chini, ila aje na hesabu. Na wewe utakayepata tatu za namba moja ukiwa wa kwanza kusema, tafadhali: weka theluthi mbili ya kapu, kisha utulie usikie watasema nini.